Saa ya Kitinda Haichelewi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shajara mpendwa, salamu nyingi zikufikie hapo mezani ulipo. Mimi sijambo. Baba watoto hajambo, yuko kibandani kwake ananyoa. Mama mkwe hajambo isipokuwa sikio la kushoto. Nimemwambia nakuandikia wewe, akauliza wewe ni mtoto wa nani. Kitinda, binti yetu wa mwisho, hajambo ila hali chakula. Kuku hawajambo. Kompyuta haijambo, iko sebuleni, imechukua stuli zangu mbili na kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu.

Wifi, dada yake baba watoto, naye hajambo. Nisingemtaja, lakini salamu ni haki ya kila mtu.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Kisomo cha watu wazima walitufundisha barua, kisha mwalimu akahamishwa. Kwa hiyo najua barua tu. Daftari hili nimepewa na Kitinda. Amesema kila nikijisikia kumsemesha akiwa kazini, niandike humu. Kasema kwa upole, mtoto ana adabu. Kila nikiingia anapoteza hesabu.

Sasa sikiliza mambo. Mimi ni mpakiaji kiwanda cha sabuni. Sabuni hutoka kwenye mashine ndefu kama nyoka asiye na kichwa, kisu kinashuka, kipande kinaanguka, mimi natia kwenye boksi. Kile kifaa kilichokuwa kikiamrisha kisu kimekufa. Bosi ametangaza kwamba atakayeleta kingine, kikakata vipande sawasawa, atapewa kazi ya mashine zote. Nikapeleka jina la binti yangu siku ileile, pamoja na chai ya Bosi.

Wifi kasikia. Sijui nani kamwambia. Ni mimi niliyemwambia, lakini sikumwambia apeleke jina la mwanawe! Mwanawe anaitwa Injinia tangu utotoni, kwa kufungua tochi za watu. Kuzifunga ni habari nyingine.

Injinia atajaribiwa Alhamisi, Kitinda Jumamosi.

Na kompyuta yenyewe atakayoamrishia kisu ni kuukuu, nene mgongoni. Nimemwambia Kitinda aazime zile mpya, nyembamba. Kakataa. Kasema mpya zina shughuli nyingi, ukiziita huna hakika zitaitika sasa hivi au mpaka zimalize mambo yao. Hii kuukuu haina jambo jingine la kufanya ila lile uliloiambia. Nikamwelewa. Ni kama baba yake.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Leo nimeelezwa kazi ya mwanangu mpaka nikaielewa, na nimelala mchana kwa furaha.

Ilikuwa hivi. Nimeingia na chai. Kitinda akaweka kidole pale alipofikia kwenye karatasi, akanisikiliza, nikatoka, akaendelea palepale. Kisha akaniita. Alikuwa anacheka. Kasema hivyo nilivyofanya mimi ndivyo saa ya kompyuta inavyofanya. Mle ndani mna kidude kinachopiga hodi. Kila hodi, kompyuta inaweka kidole ilipofikia, inaitikia, kisha inarudi kwenye kazi yake. Kwa kuzihesabu hodi hizo ndipo inajua muda, na ndipo kisu kinajua wakati wa kushuka.

Kwa kawaida hodi ni chache, kumi na nane hivi kwa sekunde. Kwa kisu hazitoshi. Kitinda kaamuru zipigwe elfu. Elfu kwa sekunde! Hata mimi sijafika huko. Lakini ndani mna mzee mmoja anayetunza saa ya kioo, ile inayosomeka usoni mwa kompyuta, naye amezoea zile chache. Ukimpa zote elfu atadhani jua limetua kabla hajanywa uji. Kwa hiyo Kitinda anazipokea zote yeye, na zikitimia kiasi fulani anamsogezea mzee moja. Nikamwambia ndivyo mimi ninavyomgawia mama mkwe habari za mtaa. Zote haziwezi.

Ila kuna sharti. Ukiitikia hodi, uwe mfupi. Pokea, shukuru, rudi kazini. Ukikaa kupiga soga na aliyebisha, nyuma yake atabisha mwingine, hatasikika, atakwenda zake. Hodi hiyo imepotea. Kisu kinaisubiri, haiji, sabuni inazidi kutoka, kipande kinarefuka.

Nikamwuliza mfano huu kautoa kitabu gani. Kasema kautoa kwangu. Mimi! Nimekuwa mfano wa kompyuta. Nimewaambia wapakiaji wote, na aliyekuwa chooni nimemsubiri atoke.

Kompyuta itakaa imewashwa mpaka Ijumaa. Mahali pa kisu kafunga kitaa chekundu, kinawaka na kuzima. Kila saa moja asubuhi, redio ya baba watoto ikilia mlio wa saa, analinganisha na saa ya kioo. Leo: sawasawa kabisa.

Jambo moja tu halikunipendeza. Kioo chenyewe. Cheusi, na tarakimu katikati, kama kaburi lenye hesabu. Na Wifi alikuja juzi kusema kisanduku anachounda Injinia cha kuamrisha kisu kina taa za rangi tatu. Nikamwomba Kitinda aweke ua. Akakataa. Nikamwomba aandike jina la Bosi kwa maandishi ya kupinda. Akakataa. Basi nikavuta kiti nikakaa, nikaanza habari za Wifi tangu harusi yetu. Sikufika hata kwenye keki. Akasema haya, mama, mapovu, ila nisimsemeshe tena leo.

Akaandika haraka haraka mimi nikiwa begani kwake. Sasa kila baada ya kitambo mapovu ya sabuni yanapanda kwenye kioo, makubwa na madogo, yanapasuka juu. Mama mkwe kavuta kiti hatoki. Kazi ni ya Kitinda, lakini mapovu, nusu ni ya kwangu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Aibu. Aibu ilitaka kuingia nyumbani kwangu na mimi nimeirudisha mlangoni.

Nimeamka kabla ya wote. Redio ikalia mlio wa saa kumi na mbili. Nikatupa jicho sebuleni: kompyuta haijafika. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Ungeweza kumenya kitunguu kizima na kukikata. Ndipo ikafika, haina hata haya.

Jana ilikuwa sawasawa! Nikakaa kwenye stuli. Mtoto hali, halali, anaongea peke yake bafuni. Akiona saa inachelewa atavunjika, na zimebaki siku chache. Na Wifi atapata la kusema mpaka tunazikana.

Sasa, Jumatatu nilimwona Kitinda akiiwekea saa. Unabonyeza S, maana S ni ya saa, hilo hata asiyesoma angelijua. Unaandika saa. Unabonyeza kile kitufe kikubwa chenye mshale uliovunjika shingo. Nikachukua saa ya mkono ya baba watoto, ambayo huilinganisha na redio kila jioni kama mtu anayesali. Nikabonyeza. Ikakubali! Mwanamke wa barua tu, na kompyuta imenitii.

Saa moja Kitinda akatoka na taulo kichwani. Redio ikalia. Akatazama kioo. Imetangulia kidogo, kidogo sana, akakunja uso, akasema hilo linavumilika. Kisha akatabasamu na kuomba chai. Kala na mkate. Mkate wote!

Baba watoto kaikuta saa yake kando ya kompyuta. Kasema nikishika kitu hakibaki kilivyokuwa. Nimemshukuru.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Asubuhi: kompyuta nyuma, kwa kitunguu kilekile. Nimeisogeza. Sasa mkono umezoea, hata mshale siuangalii.

Leo ndiyo siku ya Injinia. Nimeomba zamu ya ziada kiwandani ili niwepo. Wifi kaja na kitenge kipya, kakaa kwenye kiti cha wageni kama mama wa bwana harusi.

Nilikuwa na mpango. Mpango huu nimeutoa kwenye elimu ya Kitinda mwenyewe. Kama hodi nyingi zinaivuruga kompyuta, kijana naye si ana hodi zake? Basi Injinia alipoinamia kisanduku chake, nikabisha. Nikamsalimia. Nikamwuliza mkewe hajambo. Hajambo. Nikaondoka, nikarudi, nikamwuliza wakwe zake hawajambo. Hawajambo. Nikarudi nikamkumbusha alivyokojoa kitandani kwangu mwaka wa mvua kubwa.

Wala hakukasirika. Ameniita mkaza mjomba, kwa heshima zote. Kasema maadamu niko hapo, basi nimsaidie kushika tochi, maana chini ya mashine kuna giza. Nikashika tochi. Ningekataa vipi, nimemlea. Nimeshika tochi mpaka mkono ukafa ganzi, na kila skurubu aliyoifunga kaifunga kwa mwanga wangu.

Kisanduku kikawaka taa tatu. Kisu kikashuka. Vipande sawasawa. Wifi akaniangalia, akakinyoosha kitenge chake kipya taratibu, na hilo ndilo baya zaidi.

Lakini ngoja. Bosi akasema sasa anataka kipande kidogo, kile cha hoteli. Injinia akafungua kisanduku tena, bisibisi, jaribu, fungua, jaribu, mapumziko ya chai yakaanza na kwisha. Bosi alikuwa anatazama saa ya ukutani. Kwa Kitinda unaandika namba tu, basi. Nimerudi nyumbani nikiimba. Mkono bado unauma.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nusura nikamatwe.

Kitunguu kilekile. Nimeshabonyeza S, naandika, mama mkwe huyo nyuma yangu, kaja kutazama mapovu mapema. Na mtu asiyesikia vizuri hasemi taratibu. Akauliza, kwa sauti ya kuamsha mtaa, naifanya nini saa ya mtoto. Nikasema nafuta vumbi. Akasema vumbi gani linafutwa kwa kidole kimoja. Nikamgeuzia kiti aone povu kubwa linalopanda. Akasahau. Mapovu yale yana faida nyingi.

Saa moja, redio, kioo: sawa. Kitinda akakaa chini kabisa, sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ukuta. Alikuwa anacheka na macho yana machozi. Akasema siku zote hizi haijapotea hodi hata moja. Akasema aliogopa, maana mtu aliyemfundisha alimwambia ukiona saa ya kioo inachelewa, ujue hodi zinapotea mahali, utafute usilale mpaka uzipate. Sasa hana la kutafuta. Atalala.

Akanishika mkono akasema mfano wangu umefanya kazi.

Hapo kitu kikanichoma kidogo kifuani. Nikasema moyoni ni kitunguu nilichokula jana. Nikamfunika shuka.

Ee Mungu, uso wake akilala! Ni uleule wa siku niliyompata.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika jioni. Miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto. Nitakueleza yote, ila usimwambie mtu.

Kompyuta imeingia kiwandani kwenye mkokoteni, imefunikwa blanketi la mama mkwe, mimi nikitangulia kusema pisheni. Bosi yupo. Injinia yupo. Wifi yupo, kitenge kingine. Baba watoto kafunga kibanda, na yeye huyo hafungi hata siku ya maziko. Mimi nikakaa kwenye nafasi yangu mwisho wa mashine, na maboksi yangu, aproni safi.

Kitinda akafunga nyaya. Akaandika namba. Kisu kikashuka.

Kipande, sawa. Kipande, sawa. Mapovu yakaanza kupanda kwenye kioo, Bosi akatabasamu, nikamkanyaga mwenzangu mguu aone. Kipande cha tatu kikaja kirefu. Si kidogo. Kama kiatu.

Nikakishika. Hakiingii kwenye boksi. Viwili sawa, kimoja kiatu. Vitatu sawa, kiatu. Bosi akakiona kimoja, akauliza ni nini hicho. Kitinda akaangalia nyaya, akaangalia kitaa, akaanza kutoka jasho juu ya mdomo kama baba yake. Akamwambia Bosi kwamba hodi hazipotei, ana hakika, saa imekuwa sawa na redio kila asubuhi, kwa hiyo tatizo ni kisu. Kisu ni cha Bosi. Mota ya kisu kainunua marehemu baba yake Bosi.

Bosi akasema kwa sauti ndogo, ile ambayo sisi wapakiaji tunaijua, kwamba juzi kisu hicho hicho kilikata vizuri. Akasema trei moja zaidi. Ikiwa na kipande kirefu hata kimoja, anachukua kisanduku chenye taa, na kompyuta irudi ilikotoka. Kisha akaenda kusimama karibu na Injinia.

Trei moja. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kama siku ya kwanza ya shule alipokataa kuachia sketi yangu.

Nina kisu kidogo cha kukatia kamba za maboksi. Unajua nilichofanya. Kiatu kikija, nakishusha chini ya meza, nakata ncha, nakirudisha juu. Ncha naitia mfukoni mwa aproni. Kiatu, shusha, kata, ficha. Nimekata vizuri, wallahi, kuliko mashine. Bosi akasogea. Akaona vipande sawa. Vingine sawa. Kitinda akaviona, akashusha pumzi, akasema labda ilikuwa inapasha joto. Wifi akaacha kutabasamu. Trei ilibaki nusu. Nilikuwa najiona nimeshafika.

Ila aproni ilikuwa imejaa. Ikaning'inia mbele kama mjamzito wa miezi minane. Nami nilipoinuka kuchukua boksi, ncha zikaanza kumwagika, moja, tatu, nyingi, zikateleza sakafuni mpaka miguuni mwa Wifi. Wifi akakanyaga. Sikumtakia. Alikwenda na mguu mmoja mpaka kwenye stoo, Injinia akamdaka.

Bosi akaangalia sakafu. Akaangalia aproni yangu. Kwetu mpakiaji akikutwa na sabuni mfukoni hasikilizwi, anavua aproni na kuonyeshwa geti. Nimeona wenzangu wakienda. Bosi akaniuliza tangu lini naiba sabuni, miaka yote hii.

Baba watoto akasogea akasimama kando yangu. Kasimama tu, na mkasi wa kinyozi mfukoni.

Kabla sijafungua mdomo, Kitinda alishainama. Akaokota ncha moja, akaigeuza, akaona palipokatwa kwa kisu kidogo. Akaiangalia trei. Nikaona akili yake inatembea. Ilitoka kwenye trei, ikapita mlangoni, ikaenda mpaka nyumbani kwetu sebuleni.

"Mama," akasema. "Na saa?"

Ningeweza kusema saa gani. Nilishafungua mdomo niseme saa gani. Lakini Bosi alikuwa anasubiri, Wifi alikuwa anasubiri, na mwanangu alikuwa ameshika ncha ya sabuni kama mtu aliyeshika jino la mtoto.

"Ilikuwa inabaki nyuma kidogo," nikasema. "Nilikuwa naisaidia."

"Tangu lini?"

"Tangu mapovu."

Akafumba macho. Nikasema moyoni, sasa atanifukuza mbele ya wifi yangu. Akakaa kwenye kompyuta. Akasema, akiongea na kioo, kwamba mapovu kayaweka ndani ya kuitikia hodi, kwa haraka, ili mtu fulani anyamaze. Kila yakipanda, kompyuta inakaa kuyachora, na hodi zinabisha zinaondoka. Ndiyo soga aliyonikataza. Na saa ya kioo ilikuwa inamwambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi kuna mtu anaiziba mdomo.

Kisha akageuka. "Mama, saa ikichelewa ndiyo inalia kwamba inaumwa. Wewe ulikuwa unaifuta machozi tu."

Akafuta mapovu. Yote, kwa mistari miwili. Kioo kikawa kaburi tena. Akamwomba Bosi radhi kwa habari ya kisu cha marehemu. Akaomba trei moja ya mwisho, na akaomba mama yake asimame mbali na meza, mikono ionekane. Nikasimama mikono juu kama jambazi.

Kipande, sawa. Sawa. Sawa. Trei nzima. Bosi akasema sasa cha hoteli, Kitinda akaandika namba, kisu hakikupumzika hata sekunde, vikaja vidogo, sawasawa. Injinia mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nimemlea, nimesema.

Bosi akaniambia niokote ncha zangu, ziyeyushwe. Ndiyo msamaha wake huo. Akampa Kitinda mkono. Mashine hii tayari, na mashine ya pili atampa baada ya wiki akiridhika na saa yake.

Nje, baba watoto akaniambia nimeaibika. Nikamwambia na mwanangu? Akasema mwanangu ni fundi. Basi, aibu yangu ikae, nafasi ipo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kitinda kaniketisha. Kanieleza upya, kama nilivyokuwa namweleza yeye kuhusu jiko. Kitu kikichelewa, nimwambie kimechelewa. Kikiwa kirefu, nimwonyeshe kirefu. Nisikinyooshe kwanza. Hata kama kinaniuma. Hata kama Wifi yupo.

Nimekubali kila neno. Nimeahidi kwa kiapo kwamba sitaigusa tena saa ya kompyuta, S wala mshale. Akanikumbatia. Akasema bila mimi asingejua ni mapovu. Nimeliweka neno hilo mahali pazuri kichwani, nimelifunika lisiingie vumbi.

Wifi kaja na mguu wake umefungwa. Kasema kwa upande wao hawakuhitaji mapovu. Nikamwambia sisi tulikuwa nayo ya kutosha hata kuyafuta. Amecheka, nikacheka. Tumekunywa chai birika zima. Injinia amepewa kazi ya kufunga nyaya za mashine ya pili, chini ya Kitinda. Chini ya! Nimelisema mara kadhaa tu.

Mama mkwe anauliza mapovu yamekwenda wapi. Analia kidogo.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Shajara mpendwa, leo nimefika kiwandani kabla ya wote, na nina furaha tele.

Kompyuta ya mwanangu imekaa kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa changu kile nilichokifuma. Juu yake karatasi: USIGUSE SAA. Nimeisoma mwenyewe, mara moja, bila kutamka. Imeandikwa kwa ajili ya watu kama Wifi. Sikuigusa. Ahadi ni ahadi.

Ila sasa sikia. Bosi ameagiza kwamba wiki hii, kila asubuhi, saa ya kompyuta ilinganishwe na ile kubwa ya ukutani, ya marehemu baba yake. Zikiachana, mashine ya pili basi. Nikatazama hii, nikatazama ile. Zimeachana! Si kwa kitunguu, ni kwa kitunguu saumu, lakini zimeachana.

Nikaisogelea kompyuta, nikarudisha mkono. Nimeapa. Saa ya kompyuta siigusi.

Lakini ya ukutani sikuiapia.

Ngazi iko stoo. Ile saa ina kioo kinachofunguka pembeni, na mishale inakwenda kwa kidole kimoja, laini kama siagi. Nimeisogeza mpaka ikakubaliana na mwanangu, nikashuka, nikafuta ngazi.

Bosi kaja, kaangalia hii, kaangalia ile. Sawasawa kabisa. Akasema siku zake zote hajaona. Kitinda alitabasamu, akaniangalia mikono, mikono yangu ilikuwa ndani ya boksi. Akatabasamu tena, vizuri zaidi. Mzazi gani angeuharibu uso ule?

Ving'ora vya chakula vimelia mapema kidogo leo kwa sababu mlinzi hufuata saa ya ukutani. Watu wamefurahi. Hakuna aliyelalamika ila mpishi.

Nimemwuliza Kitinda, kwa upole tu, kama hawezi kuweka ua dogo moja pembeni ya kioo, lisilopanda wala kupasuka, limekaa tu. Amesema atafikiria. Hakukataa!

Baba watoto anakusalimu, mama mkwe anakusalimu na anakuuliza habari za mapovu, Kitinda angekusalimu ila yuko kazini. Kuku wote wazima. Nakuomba unijibu upesi, tena kabla ya kesho alfajiri. Nataka kujua jambo moja tu: hiyo saa ya marehemu, mishale yake ikizoea kusogezwa, hulegea? Maana leo jioni nimeitazama tena, na naona imeanza kukimbia.